Metali Hujulikana kwa Majirani

Ukitoka katikati ya Nairobi kwa Waiyaki Way, ukaipita Chiromo, Westlands na Kangemi, unafika upande wa Kabete, ambako maabara ya utafiti ya ILRAD ilianzishwa mwaka 1973 kupambana na maradhi mawili ya mifugo: ndigana kali na nagana. Leo hapo ni makao ya taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI. Nagana huletwa na trypanosoma, vimelea vinavyobebwa na mbung'o. Ndugu za vimelea hivyo huwatia watu malale.

Trypanosoma brucei, kinapoishi katika damu, hutegemea kimeng'enya kimoja ambacho binadamu hana. Mwaka 2013 umbo la kimeng'enya hicho lilitangazwa: moyoni mna atomi mbili za chuma, zimeshikwa na glutamati nne na hidroksidi moja. Kwa anayetafuta dawa, hapo ndipo pa kulenga. Lakini nani alijua kwamba ni chuma?

Hapo ndipo ufundi unapoanza. Fuwele ikipigwa miali ya eksirei, hesabu huzaa ramani ya elektroni, na metali huonekana kama kinundu tu, bila jina. Maji, ioni ya sodiamu na ioni ya magnesiamu zote zina elektroni kumi, kwa hiyo vinundu vyake hufanana kama mapacha. Fundi wa fuwele huwaendea majirani, yaani atomi zilizo karibu na kinundu. Maji hukaa kiasi cha angstromu 2.8 kutoka kwa oksijeni ya jirani, sodiamu 2.4, magnesiamu 2.1, tena magnesiamu hupenda majirani sita: wanne kuizunguka, mmoja juu, mmoja chini. Zinki mara nyingi huridhika na wanne, histidini na sisteini wakiwamo. Angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita, na hukumu yote huenda ikasimama juu ya theluthi yake. Ustahimilivu wa namna hiyo unastahili heshima.

Hata majirani hawatoshi. Nikeli inayotumika kusafisha protini huweza kujipenyeza ikajifanya mwenyeji. Ndipo nishati ya miali inapoitwa kutoa ushahidi: zinki huanza kufyonza kwa nguvu kwenye kiloelektronivolti 9.66, chuma kwenye 7.11. Fundi hupima juu kidogo na chini kidogo ya kizingiti. Ishara ikitokea upande mmoja na kufifia upande wa pili, metali imejitaja. Kazi hiyo hutaka mtambo mkubwa wa miali uitwao sinkrotroni, na Afrika bado haina hata mmoja. Hata hivyo, wataalamu wa fuwele wa bara hili walikutana Nairobi Januari 2023, katika kongamano lao la tatu.

Metali huweza pia kujificha kwa miaka mingi. Mkulima wa Kabete akitia urea kwenye mahindi, kimeng'enya cha urease ndicho huivunja udongoni. James Sumner alipata fuwele za urease kutoka kwa maharage mwaka 1926, kazi iliyomletea Tuzo ya Nobel mwaka 1946. Nikeli iliyomo ndani yake haikutambuliwa hadi 1975. Karibu miaka hamsini fuwele zilikuwa mikononi mwa wataalamu, metali ikiwa imekaa kimya humo.

Ndiyo maana hazina ya miundo ya protini duniani, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina alama ya UNX kwa atomi au ioni isiyotambuliwa. Fundi aliyepima umbali wote, akahesabu majirani na bado hakuridhika, huandika herufi hizo tatu na kuendelea na kinundu kinachofuata.