Ufundi wa Salim Ahmed Salim

Salim Ahmed Salim alipofika New York mwaka 1970 kuiwakilisha Tanzania katika Umoja wa Mataifa, alikuwa na miaka 28 tu, lakini kazi hakuwa mgeni nayo. Alikuwa balozi Cairo tangu akiwa na miaka 22, kisha New Delhi na Beijing. Mzanzibari huyo alikaa New York miaka kumi. Ukaaji huo ndio ninaouhusudu, maana ubalozi ni kazi ya kujua watu, na watu hawajuliwi kwa haraka.

Mwaka 1972 akawa mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya nchi 24 iliyoshughulikia uhuru wa makoloni. Kamati ya namna hiyo haina jeshi. Silaha yake ni azimio, nalo hujengwa neno kwa neno, mpaka hata aliyekuja kulipinga aone afadhali asipige kura. Aprili mwaka huo kamati ilipeleka wajumbe ndani ya Guinea-Bissau, kwenye maeneo yaliyoshikwa na wapigania uhuru wa PAIGC, huku Ureno ikidai nchi yote ni yake. Huo ni ufundi hasa! Badala ya kubishana na Ureno ukumbini, ukalete mashahidi walioikanyaga ardhi yenyewe.

Kazi hiyo ina gharama. Oktoba 1971 alikuwa mstari wa mbele kuitetea China ipate kiti chake Umoja wa Mataifa, na Marekani iliudhika. Mwaka 1981 alipogombea Ukatibu Mkuu, duru ya kwanza alipata kura 11 kati ya 15 za Baraza la Usalama, na Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa wakati huo, 10. Marekani ikamzuia Salim kwa kura ya turufu, China ikamzuia Waldheim, duru baada ya duru, wiki baada ya wiki. Desemba, Mganda Olara Otunnu, aliyeongoza Baraza mwezi huo, akawaomba wote wawili wakae kando. Salim akakubali, Javier Pérez de Cuéllar wa Peru akapita.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Kuongoza kwa kura, kisha kuondoka bila kuacha ugomvi nyuma, si jambo jepesi. Mwaka 1989 Afrika ilimkabidhi Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), akashika vipindi vitatu hadi 2001. Mwaka 1993, huko Cairo, viongozi waliozoea kusema vita vya jirani ni mambo yake ya ndani walikubali kuunda chombo cha kuzuia na kusuluhisha migogoro.

Si kila meza ilimtii. Akiwa msuluhishi wa Darfur huko Abuja, mkataba wa Mei 2006 ulitiwa saini na serikali ya Sudan pamoja na kundi la waasi la Minni Minnawi. Wengine walikataa, na vita vikaendelea.

Chuo cha diplomasia cha Kurasini, Dar es Salaam, leo kina jina lake. Vijana mnaosoma pale, hotuba zake msiishie kuzisikiliza tu. Tafuteni kumbukumbu za vikao vya ile kamati, mzisome ukurasa kwa ukurasa.