Uduvi si Krili: Kuhusu Tafsiri ya Malisho ya Nyangumi

Tafsiri ya somo la elimu ya bahari kwa shule za sekondari imeletwa kwetu ikiwa na sentensi hii: "Nyangumi huwafuata uduvi katika malisho yao." Ni Kiswahili safi, wala mhariri asiyejua habari za bahari hangeiona ila. Hata hivyo mwanafunzi atakayeisoma atapotoka.

Hayo malisho ni ya nani? Nyangumi na uduvi wote ni viumbe vyenye uhai, hivyo kiwakilishi "yao" hakiwatenganishi. Na hapo ndipo penye kiini cha somo lenyewe. Katika Bahari ya Kusini, izungukayo Antaktika, krili hula mwani mdogo mno, na wakati wa baridi watoto wao hukwangua mwani uotao chini ya barafu. Barafu na mikondo ndiyo inayoamua krili watakusanyika wapi. Makundi ya krili nayo huamua nyangumi watakula wapi. Sehemu kubwa ya krili hao imo upande wa Atlantiki, kutoka Rasi ya Antaktika kuelekea South Georgia, na si ajabu kwamba wawindaji wa nyangumi walijenga kituo chao huko Grytviken mwaka 1904. Neno "malisho" silikatai, ingawa ng'ombe hupelekwa mahali ambapo majani yanamngoja, na krili hawangoji. Lililo muhimu ni mfasiri aseme: malisho ya nyangumi, au malisho ya krili.

Ama "uduvi", hilo ni kosa zito zaidi. Uduvi ni kamba wadogo wa maji ya pwani yetu. Krili hawamo katika ukoo wa kamba, na yule wa Antaktika hufikia sentimita 6. Naam, kanuni yetu ni kutafuta kwanza neno la Kiswahili, lakini neno lenye kazi yake tayari halipewi kazi ya pili. Mvuvi wa Pwani huwaona nyangumi wenye nundu kati ya Julai na Oktoba. Akiisoma tafsiri hii ataamini kwamba wamefuata uduvi wa wavu wake, hali wamekuja kuzaa na kupandana, na hapa hula kidogo sana: chakula chao wamekwisha kukila kusini. Basi na tuseme "krili", kama Wanorwe walivyowapa mataifa mengine neno hilo, na mahali pa kuzalia tupaite "mazalio".

Limebaki lile ambalo mfasiri ameliita "meno ya nyangumi". Si meno, bali ni vibao vya asili moja na kucha na pembe, vyenye nyuzi za kuchujia. Mwenzangu alipendekeza "kifumbu". Limenipendeza, ijapokuwa mpishi hutaka tui na nyangumi hutaka machicha. Lakini walimu wa bara wengi hawakijui kifumbu. Kwa sasa napendelea "vibao vya chujio", mpaka apatikane mwenye neno fupi zaidi.