Kabla Hujausifu Ukuta, Omba Ngazi

Kuna picha ya sebule ya ghorofa moja ya Mbezi Beach inayozunguka kwenye makundi ya mafundi, na kila anayeiona anaandika "hii ndiyo kazi". Ukuta mzima umebandikwa sponji nyeusi zenye vilima vidogo vidogo, taa za bluu zimepita pembeni, na mwenye nyumba anaapa kwamba hamsikii tena jirani. Nilifika kwenye sebule hiyo. Jirani alikuwa anatazama taarifa ya habari, nami nilijua mkuu wa wilaya gani katenguliwa bila hata kutega sikio. Wageni wenzangu walikuwa wanapiga makofi na kusema, "Umesikia? Sauti hairudi!"

Hairudi kweli. Sponji ina kazi moja tu, kula mwangwi wa humo humo chumbani, na hapo ndipo mgeni anapodanganyika. Mwanafizikia Wallace Sabine alishalimaliza jambo hili tangu 1895 pale Chuo Kikuu cha Harvard, alipokabidhiwa ukumbi wa mihadhara ambao maneno yalikuwa hayaeleweki kwa mwangwi. Aliazima mito ya viti kutoka Sanders Theatre, akawa anaipanga ukumbini usiku watu wakiwa wamelala, huku akipima kwa filimbi ya kinanda na saa mkononi sauti inachukua muda gani kufifia. Mito ilivyoongezeka, mwangwi ulipungua. Alikuwa anatibu mwangwi. Mtu wa chumba cha pili hakuwemo kwenye hesabu ile. Sasa mtu wa leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, anabandika sponji ukutani ili asimsikie jirani, na mafundi wazima wanamsifu. Trei za mayai ndiyo sizitaji kabisa. Hizo ni za mayai.

Kinachozuia sauti kupita ni uzito. Ukuta wa tofali za inchi 6 za kusimamisha, uliopigwa lipu pande zote mbili, hukaribia kuzuia desibeli 50 ukijengwa kwa heshima, na jirani anayezungumza kawaida hapiti hapo. Ukizidisha uzito huo mara mbili unaongeza desibeli 5 au 6, basi. Ndiyo maana sina subira na mtu anayeniambia kwamba kitambaa cha ukutani chenye uzito wa doti ya kanga kimemletea utulivu. Na fundi asiyegonga ukuta kwa konzi kabla ya kutaja bei, mimi namhesabu kuwa dalali.

Lakini haya hata kijana aliyemaliza VETA mwaka jana anayajua. Mjuzi utamtambua kwa jambo lingine: hautazami ukuta, anaomba ngazi.

Kwenye ghorofa zetu dari ya jipsamu hushushwa chini ya slabu ili kuficha nyaya na mabomba. Huko juu hakuna anayetazama, na fundi anajua hakuna anayetazama. Lipu inaishia pale dari inapoanzia. Kozi ya mwisho ya tofali, ile inayotakiwa kugusa slabu, ndiyo ngumu kuliko zote: mkono hauingii, mwiko haugeuki, tofali lazima likatwe, na mota lazima isindikwe kidogo kidogo kwa kijiti mpaka ishibe. Hiyo ndiyo kozi inayofikiwa Jumamosi jioni, siku ya malipo. Nimekuta mahali ambapo haikujengwa kabisa. Nimekuta mifuko ya saruji iliyokunjwa ikashindiliwa kwenye upenyo, juu yake ikapakwa mota nyembamba ili mkaguzi asigundue. Kwenye jengo moja la Kinondoni nilichomoa gazeti, kandambili na ganda la muhogo. Chini yake ukuta ulikuwa umenyooka, umepigwa rangi ya bei mbaya, na mwenye nyumba alikuwa anamlaumu jirani kwa kukosa adabu.

Piga hesabu. Chukua ukuta wa mita 4 kwa 3, acha upenyo wa milimita 3 chini ya slabu kutoka kona hadi kona. Upenyo wote unakuwa sentimita za mraba 120, yaani sehemu moja ya elfu ya ukuta. Ukuta huo hata uujenge kwa risasi hauvuki desibeli 30. Umelipia 50, umepewa 30. Na kwa kuwa sikio huona kila desibeli 10 kama sauti iliyoongezwa maradufu, jirani anakufikia kwa sauti mara nne ya ile uliyostahili. Kwa milimita 3! Mende anapita hapo akiwa amejibana kidogo, sauti haihitaji hata kujibana.

Na hata pale kozi ilipofika, tazama kama lipu imefika nayo. Tofali la saruji lisilo na lipu lina vitundu visivyohesabika, hasa kama mfuko mmoja wa saruji ulilazimishwa kuzaa tofali kupita kiasi, na sauti inavipita vyote. Kipande hicho kisichopigwa lipu juu ya dari ni dirisha lililo wazi ambalo hukuonyeshwa kwenye ramani.

Mzee aliyenifundisha kazi hii kule Magomeni hakuwa na kipimo chochote. Alikuwa na udi. Aliwasha vijiti upande wa jirani, akaelekeza feni ukutani, akafunga madirisha, kisha akaja upande wa pili na kutembea taratibu huku pua imeinuliwa. Baadaye anasema, "Kona ya kushoto, juu, mwanangu." Tunapandisha ngazi, tunafungua bodi, tunaikuta. Hewa inapopita sauti imeshapita, na pua ni rahisi kuifundisha kuliko sikio. Mpaka leo nikiitwa kwenye nyumba ya mtu swali langu la kwanza ni jirani anapika nini. Mwenye nyumba akijibu kwa uhakika kwamba leo ni samaki wa kukaanga, kipimo nakiacha kwenye gari.

Wakubwa pia wamepigwa kwa juu. Thomas Carlyle, mwandishi aliyekuwa akiishi Chelsea, London, alichoshwa na jogoo na piano za majirani, na mwaka 1853 akaanza kujengewa chumba cha kimya juu kabisa ya nyumba yake: kuta mbilimbili, mwanga ukiingilia kwenye paa. Kilipokamilika akajikuta anasikia kelele za mbali ambazo kwenye vyumba vya chini hazikuwa zikimsumbua, na lawama zikamwangukia mjenzi. Sikuwepo, lakini najua ningeanza kutazama wapi.

Sehemu nyingine zinazovuja nazitaja harakaharaka, kwa sababu kila mtu anazijua baada ya kuambiwa. Masanduku ya soketi yaliyopeana mgongo kwenye ukuta mmoja. Tundu la bomba la kiyoyozi, sentimita 7 kwa upana, ambalo likiachwa wazi linaushusha ukuta ule ule wa mita 4 kwa 3 hadi desibeli 35. Uwazi chini ya mlango wa korido. Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza, ambayo yale manyoya yake ni ya kuzuia vumbi. Dirisha la kufunga kwa bawaba lenye mpira mzunguko mzima ndilo dirisha, mengine ni vioo. Mlango unaofungika kwa kidole kimoja haujaziba kitu. Na silikoni ikionekana kwa macho, kazi ni mbaya. Hii ya mwisho sina sababu yake, ila sijawahi kuona fundi mzuri aliyeiacha ionekane.

Matapeli wa siku hizi wamehamia kwenye bodi za jipsamu. Anakuja na programu ya desibeli kwenye simu, anapima jirani akiwa amefungulia muziki, anapiga fremu ya mbao nyembamba juu ya ukuta wako, anabandika bodi moja, kisha anarudi kupima saa nne asubuhi jirani akiwa kazini. Namba imeshuka, mnapeana mikono. Usiku singeli inapoanza unaona besi imeongezeka, unadhani ni hisia zako. Si hisia. Bodi ya kilo 10 kwa mita ya mraba, ikikaa sentimita 2 na nusu mbele ya ukuta mzito, inacheza pamoja na hewa iliyofungiwa nyuma yake, na inacheza karibu na hezi 120, hapo hapo kwenye besi. Umenunua ngoma ukaifunga ukutani. Ipe nafasi ya sentimita 10, bodi mbili, pamba ya mawe katikati, fremu isiyougusa ukuta wa zamani hata kwa ncha ya msumari, na mtetemo huo unashuka chini ya hezi 50. Chumba kitapungua, ndiyo. Anayekuahidi kimya bila kukupunguzia chumba anakuuzia rangi.

Fremu isiguse, nasema tena, kwa sababu hapa hata mafundi wazuri huharibikiwa. Msaidizi anaishiwa skrubu fupi, anachukua ndefu, moja inatoboa mpaka kwenye tofali, na mtetemo unapata daraja. Fundi mmoja wa Tanga niliyefanya naye kazi alikuwa akigawa skrubu mwenyewe, kwa kuzihesabu, na mfuko wa skrubu ndefu aliufungia kwenye gari. Watu walimwona mchoyo.

Kelele za juu, za viti vinavyoburutwa na kinu kinachotwanga saa kumi na mbili asubuhi, ni habari nyingine. Hizo haziji kwa hewa, zinaingia kwenye slabu yenyewe na kushukia kwenye kuta zako zote nne. Atakayekuwekea dari mpya chini atakupunguzia kidogo na kukutoza sana. Dawa iko kule juu, kwenye sakafu ya anayetwanga. Zamani, kwenye ghorofa za Upanga nilizokulia, mama wa juu aliweka gunia lililokunjwa chini ya kinu bila kuombwa, na watoto walivua viatu mlangoni. Gunia lile lilifanya kazi ambayo leo inaagizwa kutoka nje kwa mita ya mraba.

Nikitaka kukumbuka ukuta ulivyo, naenda Lamu au Mji Mkongwe. Mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa kama nusu mita, mlango ambao lazima uusukume kwa bega. Watu husifu unene, na unene una haki yake. Mimi natazama boriti. Ziko wazi, unaziona zinavyoingia ukutani moja baada ya nyingine, na kati yake mawe yamejaa mpaka juu kwa sababu kila mgeni aliyelala chali kitandani angeona pengo. Mwashi wa zamani hakuwa mwaminifu kuliko wa leo, ila hakuwa na dari ya kumfichia.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa awamu ya mwisho: dari isifungwe mpaka upande ngazi wewe mwenyewe, na tochi, siyo kwa picha aliyokutumia. Kozi ya juu iguse slabu. Lipu ifike pande zote mbili. Ukingoni pawe na kizibo kinachobaki laini, maana mota peke yake hupasuka jengo likijinyoosha. Kisha redio, sauti ya mtu anayeongea na siyo muziki, iwekwe kwa jirani, nawe upitishe sikio kwenye kingo tu. Fundi akisema dari ameshaifunga na haiwezekani tena kutazama, mwambie aifungue kwa gharama yake. Akikataa, kata kwenye malipo yake bei ya bodi mbili na uifungue mwenyewe.