Barometa na Kamali

Miongoni mwa kazi ambazo mtu huzishika kwa mapenzi wala si kwa kusukumwa na haja ya tumbo, ipo moja ambayo hapa Amu haijapewa bado haki yake ya kusifiwa, nayo ni kazi ya kutafuta, kutengeneza na kutunza vyombo vya kale vya kupimia: barometa za shaba na mkangazi zilizoshushwa merikebuni, vipimajoto vya zebaki, dira, darubini, bildi za kupimia kina cha bahari, na mizani. Masanduku ya njumu, milango ya nakshi na sahani za kaure zilizokuwa zikipangwa katika zidaka zimepata wa kuzisifu na wa kuzinunua, hata nyingine zimevuka bahari zisirudi tena; na zile siwa mbili, ya pembe iliyotoka Pate na ya shaba ya Amu, zimewekwa kwa taadhima katika jumba la makumbusho lililoko ufukoni. Lakini chombo cha kupimia, kwa kuwa hakina nakshi wala hakipigwi siku ya arusi, aghalabu hukutwa pembeni mwa ghala kimefunikwa na vumbi, na mwenyewe hukitoa kwa bei ya chakavu akaona amepata faida.

Yule anayekipokea na kukirudishia uhai wake ndiye ninayetaka kumsifu, na sifa yake haimo katika wingi wa alivyo navyo. Mtu aweza kuujaza ukuta mzima shaba inayong'aa, naye asiwe na zaidi ya mapambo. Kwani chombo cha kupimia ni nusu ya kitu, na nusu ya pili ni ilimu ya kukisoma, na ilimu hiyo haiuzwi pamoja nacho.

Ichukue barometa ya mviringo, ya namna iliyobuniwa na Mfaransa Lucien Vidi katika mwaka 1844, uufungue mgongo wake kwa bisibisi ndogo. Ndani utakuta kikopo cha madini membamba chenye mikunjo ya duara ndani ya duara, kilichofyonzwa hewa kisha kikazibwa kwa lehemu. Springi yenye nguvu hukizuia kisibonyee kabisa. Hewa ya nje ikizidi uzito hukikandamiza kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na ikipungua hukiachia kikatuna, na mwendo huo mdogo hupokewa na wenzo, wenzo ukaukabidhi mwingine, hata ukafika kwenye mnyororo mwembamba mno uliozungushwa katika mhimili wa akrabu. Mnyororo huo ndio unaokufa mwanzo katika miji ya pwani, maana hewa yetu ina chumvi na chumvi haisamehe chuma. Na fundi mwenye subira huulowesha katika mafuta mepesi, kisha akauachanisha pingili kwa pingili kwa ncha ya sindano, hata siku ya siku akigonga kioo polepole kwa ukucha, akrabu hutetemeka ikaenda mahali pake. Sijui furaha ya mikono inayoishinda hiyo.

Kabla ya Vidi palikuwa na zebaki peke yake. Mwitalia Evangelista Torricelli, mnamo mwaka 1643, ndiye aliyeanzisha jaribio la kujaza zebaki katika mrija wa kioo na kuupindua ndani ya bakuli, na zebaki ikashuka kidogo, ikasimama kwa kimo cha sentimita 76 hivi. Na ikawa dhahiri kwamba hewa hii tunayoiona kuwa si kitu ndiyo iliyokuwa ikiuchukua mzigo ule usianguke. Miaka mitano baadaye chombo kilipandishwa mlimani katika Ufaransa, na zebaki ikazidi kushuka kadiri wapandaji walivyopanda. Mwenye barometa ya namna hii hana budi kuwa na ihtiyati kubwa akitaka kuihamisha: huiinamisha kidogo kidogo mpaka zebaki ijaze mrija hata juu kabisa, ndipo huipindua kichwa chini na kuibeba hivyo hivyo, kwa sababu ikitikiswa imesimama, zebaki hupiga ncha ya kioo ikaivunja. Na zebaki iliyomwagika si ya kuchezewa na watoto, maana mvuke wake ni sumu.

Katika sahani za barometa nyingi za kale yameandikwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya Dhoruba, Mvua, Mageuzi, Hewa Njema na Ukavu. Maneno hayo yalikuwa na kweli huko yalikotungwa. Robert FitzRoy, nahodha wa ile merikebu Beagle iliyomchukua Darwin, alipewa mwaka 1854 uongozi wa idara mpya ya hali ya hewa ya Uingereza. Na baada ya meli Royal Charter kuvunjika katika tufani ya Oktoba 1859, na watu zaidi ya 400 kufa maji, alijitahidi kwa moyo wake wote barometa ziwekwe katika bandari za wavuvi na habari za tufani zipelekwe kwa simu ya waya kabla tufani yenyewe haijafika. Kwa wavuvi wa bahari zile akrabu inayoshuka kwa haraka ni amri ya kubaki nyumbani, na wengi walisalimika kwa kuitii.

Basi barometa hiyo hiyo iletwe Amu, itundikwe katika daka la nyumba ya mawe, itazamwe mwaka mzima. Kusi litavuma mpaka bahari ifungwe na majahazi yapandishwe pwani Matondoni yakapakwe shahamu. Mvua ya masika itanyesha mpaka vichochoro viwe mito. Kisha kaskazi litakuja na siku zake kavu, na akrabu wakati wote huo itakuwa baina ya Mageuzi na Hewa Njema, haiendi kushoto wala kulia kwa kadiri ya kumshtua mtu. Asiyejua ataihukumu kuwa mbovu. Ilhali haina ubovu wowote: mji wetu uko nyuzi 2 na dakika 16 tu kusini ya Ikweta, na katika ukanda huu mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuupinda upepo ukazunguka ukawa kimbunga, na bila ya vimbunga na tufani kubwa uzito wa hewa hauna sababu ya kuanguka ghafla. Ukishuka kusini zaidi mambo hugeuka, na watu wa Unguja walilijua hilo mwezi wa Aprili 1872, kimbunga kilipoyavunja majahazi yao bandarini na kuing'oa mikarafuu. Lakini hapa petu maneno ya sahani ile ni maneno ya nchi nyingine.

Kwa hivyo mwenye kazi hii huyaacha maneno, akaitazama akrabu yenyewe. Aandike katika daftari kila baada ya saa moja mahali iliposimama, usiku na mchana, naye ataona jambo ambalo mimi nalihesabu katika maajabu ya mji huu, nalo ni kuwa hewa nayo hujaa na kupwa. Hujaa yapata saa nne asubuhi, hupwa yapata saa kumi jioni, hujaa tena saa nne usiku, hupwa saa kumi alfajiri. Na tofauti ya kujaa na kupwa ni kiasi cha milibari 3, ambazo katika sahani kubwa haziuzidi upana wa ukucha. Maji ya bahari hufuata mwezi, na ndiyo maana kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika hamsini, na nahodha anayetaka kupita Mkanda wa Manda hana budi kuhesabu upya. Bali maji ya hewa hulifuata jua, ambalo huipasha moto anga ya juu, kwa hivyo hayachelewi, hayana bamvua wala maji mafu ya kubabaisha. Alexander von Humboldt, aliposafiri Amerika ya Kusini mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, alistaajabu kwa utaratibu huo hata akasema kwamba katika nchi za joto barometa yaweza kutumika badala ya saa. Huko Ulaya tufani huufunika mwendo huu mdogo usionekane. Hapa Amu uko wazi, na chombo kilichodhaniwa kuwa bubu husema mara nne kila siku.

Kipimajoto cha Six nacho kina tabia hiyo hiyo ya kumlipa mwenye subira. Mwingereza James Six alikibuni mnamo 1780: mrija umekunjwa kama utambo wa ndoo, zebaki iko chini, na juu ya kila ncha ya zebaki pana kijiti cha chuma chembamba, kimoja husukumwa na joto la mchana na kingine na baridi ya usiku, kisha vikabaki pale pale viliposukumwa mpaka mtu aje avivute kwa sumaku. Katika nchi za baridi vijiti hivyo huachana mbali. Hapa huachana kwa nyuzi chache tu, na kuziona nyuzi hizo zikibadilika pale kaskazi linapolipisha kusi ni kuona kwa macho kitu ambacho ngozi ilikuwa ikikijua.

Neno moja juu ya kusafisha. Madele ya kahawa twayasugua kwa ndimu na jivu, nayo hupendeza. Chombo cha kupimia kisisuguliwe hivyo kamwe, maana shaba yake ilipakwa rangi nyembamba ya kuikinga, na ndimu ikisha kuiondoa, chumvi huingia na alama za vipimo hufutika. Chombo cheusi kinachosomeka ni bora kuliko king'aacho kisichosomeka.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Vyombo hivi vyote nilivyovitaja ni vya wageni, navyo vimebaki kwa sababu ni vya shaba na kioo. Vyetu vilikuwa vya ubao na kamba. Kamali, ambayo mabaharia wa Bahari ya Hindi waliitumia kupimia kimo cha nyota, ni kipande cha ubao cha pembe nne kilichotobolewa katikati kikatiwa uzi wenye mafundo. Baharia huliuma fundo kwa meno, akausogeza ubao mbele hata ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uiguse nyota, na kila fundo lilikuwa kimo cha bandari yake, kikihesabiwa kwa vidole. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipopewa rubani Malindi, alimwonyesha asturlabu kubwa ya mti na nyingine za madini. Na João de Barros, aliyeiandika habari hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1552, asema kuwa rubani hakustaajabu hata kidogo, bali alieleza kuwa marubani wenzake wana vyombo vyao, naye akaonyesha mbao zake. Najua watu wengi wa pwani hujifakhiri kwa rubani huyo. Mimi hujifakhiri zaidi kwa zile mbao.

Na ukitaka kujua jinsi ilimu ilivyokuwa nzito kuliko chombo, itazame nyota ya Jaha. Ndiyo iliyokuwa kipimo cha kaskazini, nayo hukaribia ncha ya mbingu. Lakini mtu akishuka kutoka Mukadisho kuja Amu, Jaha huzama chini ya upeo, na kamali ikabaki haina cha kupima. Ahmad bin Majid wa Julfar, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha ubaharia mwishoni mwa karne ya kumi na tano na akatunga shairi la njia ya Sofala, alijua hayo, na kwa bahari za kusini alipima kwa Farkadi na kwa Nashi, ambazo huonekana ilhali Jaha imezama. Ubao ni ule ule, uzi ni ule ule. Kilichobadilika kilikuwa ndani ya kichwa cha mtu. Hali kadhalika mwaka wa Nairuzi na miongo yake 36 ya siku kumi-kumi, ambayo kwayo wazee walijua lini kupanda na lini kuvuta chombo majini: hicho nacho ni kipimo cha hali ya hewa, na katika bahari yetu kiliwafaa kuliko barometa, wala hakina shaba hata kidogo ya kutundikwa ukutani.

Kwa sababu hiyo mkusanyaji wa Amu ana wajibu ambao mwenziwe wa London hana. Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachochukulika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa nchini au kuletwa kabla ya mwaka 1895, na hakitoki nje ya nchi ila kwa idhini. Barometa ya merikebu iliyoletwa kabla ya mwaka huo imo katika ulinzi huo, hata ikiwa imetengenezwa Ulaya. Lakini hakuna sheria iwezayo kumkataza mzee kufa na hesabu ya miongo yake, na majahazi makubwa ya Kuwait yaliyokuwa yakija hapa kwa kaskazi kununua boriti hayaji tena. Kila dira iliyopatikana iandikiwe majina ya nyota yaliyokuwa yakitajwa juu yake, Jaha, Farkadi, Nashi, Ayuki, hata Suheli na Kutubu. Kila bildi iandikwe pima zake na shahamu iliyokuwa ikitiwa chini ya risasi ili ilete mchanga au matope ya kumwambia nahodha yuko wapi. Na anayejua aulizwe sasa.

Na kamali, kwa kuwa haipatikani, ichongwe. Ubao wake si kazi. Kazi ni mafundo, na mafundo yanaweza kufungwa upya na yeyote mwenye moyo wa kusafiri: atoke na jahazi hata nchi kavu ipotee machoni na upeo wa kaskazini uwe bahari tupu, angoje Farkadi ifike kilele chake, afunge fundo la Amu, kisha aende Barawa, kidogo kaskazini ya Ikweta, afunge la pili, na Mukadisho, afunge la tatu. Kusi likianza kulegea majahazi yatakuwa tayari, na uzi wa mkonge wauzwa sokoni.