Maneno ya Hesabu: Je, Kuazima ni Dalili ya Upungufu?

Yako maoni yanayorudiwa mara nyingi, ya kwamba Waswahili hawakuwa na maneno ya sita, saba na tisa mpaka walipoyapata kwa Waarabu. Twaona maoni hayo yafaa kupimwa. Kwa maana mtoto akiambiwa shuleni kuwa babu zake hawakujua kuhesabu, neno hilo hukaa moyoni mwake.

Ni kweli kwamba sita, saba na tisa asili yake ni Kiarabu, kama ishirini, mia na elfu. Lakini nane na kumi ni ya Kibantu. Naye nani aliyefika nane asipite sita na saba? Tena maneno ya kale yapo: mtandatu, mfungate na kenda, na Washambaa wanayo katika lugha yao. Siku saba za arusi huitwa fungate, na Mijikenda maana yake ni miji tisa.

Wengine hushika kanuni hii: twasema watu wanane, lakini watu sita, basi neno lisilopatana na jina ni geni. Kanuni hiyo yasaidia, ila haitoshi, kwa kuwa kumi nalo halibadiliki, wala si geni.

Wako pia waliodharau lugha zinazohesabu kwa vidole. Kwa Kizulu isithupha ni sita, nalo ndilo jina la kidole gumba: mkono mmoja umekwisha, wa pili waanza. Lakini hata jina la tarakimu kwa Kiingereza latoka katika neno la Kilatini, digitus, yaani kidole.

Nao Wajapani wana hesabu yao wenyewe, hitotsu, futatsu, mittsu, na pamoja nayo ile waliyoipokea kwa Wachina, ichi, ni, san. Hatujasikia mtu akisema kwamba kabla ya hapo hawakujua kuhesabu. Basi neno la kuazima laonyesha ujirani na biashara. Halionyeshi kwamba nyumba ilikuwa tupu.

Mwalimu atakaye ushahidi autazame juma lake. Jumatano ni siku ya tano tangu Jumamosi. Na Alhamisi, iifuatayo, ni ya tano kwa Kiarabu, tangu Jumapili. Tano mbili zakaa jirani. Yatupasa kuwafundisha watoto zote mbili, na mtandatu, mfungate na kenda pamoja nazo, kabla hazijasahauliwa.