Unywele wa Mteja Kwenye Mkono wa Kinyozi

Kwa miaka mingi wapasuaji waliuona ugonjwa wa pilonidali kuwa kasoro ya kuzaliwa. Ugonjwa wenyewe ni vitundu vinavyotoa usaha na nywele kwenye mfereji wa matako, juu kidogo ya njia ya haja kubwa. Waliamini kwamba mtoto akiumbika tumboni hubakiwa na kimfuko cha ngozi, ambacho huota nywele kwa ndani akishakua. Imani hiyo iliwatesa watu. Katika Vita vya Pili vya Dunia askari wa Marekani wapatao 80,000 walilazwa kwa ugonjwa huu. Wapasuaji walikata kwa upana na kina kukitafuta hicho kimfuko, na bado kwa wengine vitundu vilirudi palepale.

Madaktari wawili wa London, Patey na Scarff, walishika swali hilo: ikiwa chanzo kimeshakatwa chote, kinachorudi kinatoka wapi? Mwaka 1946 walitoa hoja kwamba nywele huingia kutoka nje. Mwaka 1948 wakaleta ushahidi ambao kwangu ndio uliomaliza ubishi, yaani kitundu cha namna ileile kwenye mkono wa kinyozi. Hakuna kimfuko cha kuzaliwa kinachoweza kusingiziwa katikati ya vidole, wala ngozi ya hapo haioti nywele za kichwa. Nywele zilizokuwamo ni za wateja.

Unywele laini unapenyaje ngozi ya mtu mzima? Ukitazamwa kwa hadubini, unywele umefunikwa na magamba madogo yaliyolalia upande wa ncha. Ukitangulia kwa upande wa shina, unateleza mbele bila kizuizi. Ukitaka kurudi nyuma, magamba yanakwama. Mbegu za nyasi zinazonasa kwenye nguo porini hufanya vivyo hivyo, kila hatua unayopiga zinazidi kupanda. Unywele uliokatwa kwa mkasi au mashine una hatari zaidi kwa sababu ni mfupi, mgumu na umechongoka. Ngozi laini ya kati ya vidole, iliyolowa jasho na maji, inauachia njia, na vidole vinavyofunguka na kufungana vinausukuma ndani. Ukishazama, mwili unauhesabu kuwa kitu kigeni na kuuzungushia kinga: uvimbe, usaha, kisha kitundu kisichofunga.

Karydakis, mpasuaji wa jeshi la Ugiriki, aliyaweka haya katika kanuni ya mambo matatu: nywele zilizo huru, nguvu inayozisukuma, na udhaifu wa ngozi. Naipenda kanuni hii kwa sababu inakwambia mapema ugonjwa utatokea wapi. Kitovu kirefu cha kijana mwenye malaika mengi tumboni kinatimiza yote matatu. Kigutu cha mguu uliokatwa, kinachosuguliwa na mguu bandia, hali kadhalika. Kwapa na katikati ya matiti vimo pia. Wakata manyoya ya kondoo, wasafishaji wa mbwa na wakamuaji wa ng'ombe huupata mikononi, ila nywele zinazowaingia ni za wanyama.

Ugonjwa huu hutokea hata kwenye uume, na hapo ndipo penye kosa la hatari la kuutambua. Kwa mwanamume asiyetahiriwa, kitundu hujificha chini ya govi na kudhaniwa kaswende au saratani. Kipande cha nyama kikipimwa maabara, huonekana vipande vya nywele vikiwa vimezungukwa na seli kubwa za kinga, na mgonjwa anaepushwa na upasuaji mkubwa asiouhitaji.

Tiba inafuata chanzo. Kitovuni, mara nyingi inatosha kuzitoa nywele, kunyoa eneo la karibu na kudumisha usafi. Kisu kinabaki kwa wachache ambao hawajapona. Mkononi, kitundu sugu hukatwa, lakini kinyozi akirudi kazini bila kubadili mazoea, kinaweza kumrudia.

Kwa hiyo ndugu kinyozi, kila mteja akiondoka, tenganisha vidole, viangalie, vioshe na uvikaushe vizuri, na uvae viatu vilivyofunika vidole, maana hata miguuni ugonjwa huu umeonekana. Nawe daktari, ukiona kitundu kisichopona katikati ya vidole, kabla ya kuandika dawa nyingine ya usaha muulize mgonjwa wako anafanya kazi gani.