Snow Fall na wale waliorudi salama

Makala ya John Branch, "Snow Fall: The Avalanche at Tunnel Creek", ilitoka kwenye tovuti ya The New York Times Desemba 2012. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer, na wahariri wa Marekani wakaanza kulitumia jina lake kama kitenzi, kila mmoja akitaka na stori yake ifanyiwe hivyo hivyo. Walichokuwa wanasifia hasa ni mapambo: theluji inayopeperuka kwenye skrini, milima inayogeuka yenyewe unaposhuka na ukurasa. (Kama bando lako ni dogo, subiri Wi-Fi ya chuo, ukurasa ni mzito.) Nimeirudia wiki hii, na kiukweli naona sifa zilienda pasipo. Kama uandishi wa sayansi, makala hii ina sehemu moja nzuri sana isiyohitaji picha hata moja, na ina pengo kubwa ambalo picha zinalifunika.

Kisa chenyewe ni hiki. Tarehe 19 Februari 2012, marafiki na marafiki wa marafiki, jumla watu 16, walikwenda kuteleza kwenye theluji upande wa Tunnel Creek, katika milima ya Cascade, jimbo la Washington. Ni nje ya mpaka wa eneo la Stevens Pass, kwa hiyo hakuna wa kukukagulia mteremko. Theluji mpya ilikuwa nyingi na tahadhari ya maporomoko ilikuwa imetolewa. Wakiwa wanashuka kwa zamu, mteremko ukakatika. Watatu walikufa.

Kwa sisi ambao theluji tunaiona Kibo kwa mbali, ngoja nieleze kidogo fizikia yake, maana Branch anaieleza vizuri. Theluji ya mlimani hukaa kwa matabaka, na kila tabaka hubeba historia ya hali ya hewa ya siku zake. Usiku wenye unyevu hewani na usio na mawingu, juu yake huota sakitu, yaani umande ulioganda, fuwele nyembamba zinazosimama kama manyoya. Ni nzuri kwa macho, lakini hazina nguvu. Ikianguka theluji nyingine juu yake na kushikana ikawa bamba, unapata godoro zito lililolazwa juu ya gololi. Kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, uzito wa mtu mmoja unaweza kutosha. Tabaka dhaifu linavunjika chini kwa chini, kwa kasi, na bamba zima linaondoka. Branch haishii kwenye ajali: anarudi nyuma hadi kwenye sakitu, siku nyingi kabla watu hawajafika. Hapo nampa maksi zote.

Halafu kuna Elyse Saugstad, mtelezaji wa kulipwa, aliyevuta kamba ya mfuko wa hewa mgongoni na akapona. Wengi wanadhani mfuko ule hufanya kazi kama boya. Siyo hasa. Chukua kopo, tia mchele na maharage machache, tikisa: maharage yanapanda juu. Chembe zinapotikisika, zile kubwa huelekea kupanda, na mtu mwenye mfuko uliojaa hewa ni maharage makubwa. Kukaa juu kuna maana sana. Kumbukumbu za Uswisi zilizochambuliwa miaka ya 1990 zilionyesha kuwa waliofukiwa kabisa na kutolewa ndani ya robo saa ya kwanza, takribani 9 kati ya 10 waliishi. Kufikia dakika ya 35, ilibaki kama theluthi moja tu.

Sasa sehemu ninayoipenda. Watu wale 16 hawakuwa wageni wa mlima. Kulikuwa na wenyeji waliopita pale miaka na miaka, waandishi wa magazeti ya mchezo huo, mtelezaji bingwa. Branch alizungumza na walionusurika, na wengine walimwambia kitu kimoja kwa maneno tofauti: moyoni waliona kundi limekuwa kubwa mno, wakanyamaza. Nani aseme, mbele ya wakubwa wale? Sisi tuna msemo kabisa, penye wazee haliharibiki neno. Pale Tunnel Creek kila mmoja alikuwa mzee wa mwenzake. Ukimya wa huyu ukawa ushahidi kwa yule kwamba mambo ni shwari, na yule naye akanyamaza. Branch anaandika haya taratibu, bila kumsuta mtu, na ndiyo maana yanauma.

Lakini hapo hapo ndipo ninapogombana naye. Msomaji anajua mwisho tangu mistari ya kwanza. Kwa hiyo kila mtu anapoinua mabega, kila utani kwenye lifti, unageuka dalili. Unabaki unajiuliza: jamani, hawakuona? Darasani tulifundishwa kuwa sehemu ina kiasi juu na asili chini. Kiasi tunapewa: watatu, siku moja. Asili haipo. Makundi mangapi yalishuka pale msimu ule, yakiwa na mashaka yale yale na ukimya ule ule, yakaishia kunywa bia jioni? Bila namba hiyo hatuwezi kusema kama ukimya uliua, au ukimya upo kila siku na siku hiyo sakitu ilikuwepo.

Ian McCammon, aliyechambua ajali 715 za maporomoko nchini Marekani, anafika karibu zaidi na jibu. Moja ya aliyoyaona: penye mteremko waliouzoea, hata makundi yenye mafunzo ya juu yalijiweka kwenye hatari sawa na ya wasiofunzwa. Na lina mantiki. Mlima ni mwalimu mbaya. Ukipita mara 50 salama, unaamini umeusoma, kumbe pengine mara 10 ulikuwa na bahati na hakuna aliyekuambia. Hata hivyo, data yake nayo ni ya ajali. Waliorudi salama hawajazi fomu.

Mchezo mwingine wa milimani una tatizo hili hili, na huu tunao karibu. Kati ya Januari na Machi, wakati Ulaya ni baridi, wageni huja Iten kuruka kwa parachuti kutoka ukingo wa Bonde la Kerio. Mrukaji akisimama pale, kipimo chake cha kwanza cha hewa ni wenzake walioko angani: wakielea, na yeye anafunga mikanda. Kwa kweli ni kipimo kizuri, mara nyingi.

Kwa makala iliyotumia fedha na wabunifu wengi namna ile, ningetaka michoro miwili. Mmoja wanao: maporomoko yakishuka bondeni sekunde kwa sekunde, kwa hesabu za wataalamu wa Uswisi. Wa pili ungekuwa mteremko ule ule wiki, mwezi, mwaka kabla yake, watu wakishuka mmoja mmoja, na theluji imetulia tuli. Najua ungechosha, na labda Pulitzer wangeikosa.